Kenya Ilikuwa Ndani ya Kompyuta ya Mjomba

Hebu fanya hivi. Simama Kalundu hapa Kitui saa kumi na moja jioni, ama nenda stendi ya Wote siku ya soko, uulize watu: ni timu gani ya Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka wa 2003? Mimi nimeuliza. Wengi walicheka, wakidhani naleta mzaha wa Harambee Stars. Jamaa mmoja wa boda akasema raga ya wachezaji saba kila upande, na huyo nikampa nusu ya alama, maana hao walifika kweli, 2009 na tena 2013. Mama mmoja wa maembe akaniuliza kama nanunua ama nimekuja kuuliza maswali.

Jibu ni kriketi. Na mimi mwenyewe sikulijua jibu hilo kutoka kwa mwalimu, wala gazetini, wala kwa televisheni. Nililijua kutoka kwa geimu ya kompyuta, Emali, Aprili ya 2011, nikiwa darasa la saba.

Mjomba wangu alikuwa anafanya kazi kwa duka la mabati, misumari na saruji pale Emali, kando ya barabara ya Mombasa. Mwenye duka alikuwa Mkenya wa asili ya Kihindi. Aliponunua kompyuta mpya, ile ya zamani akampa mjomba: CPU nzito kama jiwe la kusagia, skrini nene ya mgongo, kibodi ambayo herufi zingine zilikuwa zimefutika. Watoto wa mwenye duka walikuwa wameacha vitu vyao ndani. Kulikuwa na nyimbo za sinema za Kihindi, picha za harusi (hizo mjomba alizifuta bila kuangalia, alisema si vizuri), na geimu moja tu: Brian Lara International Cricket 2005.

Mimi na binamu yangu tulikuwa tumezoea mpira wa miguu. Saiba ya Kitui ilikuwa shilingi moja kwa dakika, na hiyo shilingi uliitumia kwa FIFA, basi. Sasa hapa kuna geimu ya bure, siku nzima, ila hatuelewi chochote. Mtu anakimbia na mpira anaurusha chini, mwingine ana gongo (siwezi kuita bati, kwetu bati ni la nyumba), kuna vijiti vitatu nyuma yake, na watangazaji wawili Wazungu wanaongea kana kwamba wamekunywa chai na hakuna haraka yoyote duniani. Tulibonyeza kila kitu. Tulitolewa kila mara.

Halafu binamu akafungua orodha ya timu za yale mashindano ya ICC, akaita kwa sauti: "Wee, kuja uone. Kuna Kenya!"

Tulidhani ni utani. Ama ni mtu wa duka amejiwekea. Kwa sababu kwenye FIFA Kenya haikuwepo, na sisi tulikuwa tumekubali hivyo tangu tuzaliwe, kwamba Kenya si ya kuwekwa kwa geimu. Tukamwita mjomba. Akaja na kikombe chake, akaangalia, akasema maneno ambayo sijasahau: "Hiyo si ya kudanganya. Sisi tulikuwa wazuri. Na huyo mwenye jina kwa geimu, tulimtoa."

Wacha nirudi nyuma kidogo, maana bila historia ya hizi geimu hutaona uzito wa hilo neno, "tulimtoa".

Kriketi iliingia kwenye kompyuta za nyumbani Uingereza miaka ya 1980. Hizi zilikuwa mashine kama ZX Spectrum na Commodore 64, zote za 1982, unaunganisha kwa TV ya nyumbani, geimu inatoka kwa kaseti kama ya muziki. Spectrum iliyouzwa sana ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 48. Picha moja ya githeri uliyopiga jana kwa simu inazidi hiyo mara nyingi mno. Ndani ya nafasi hiyo ndogo mtu alikuwa anajaribu kuingiza mchezo ambao kwa uwanja unaweza kuchukua siku tano. Kwa hivyo zilikuwa geimu za vijitu vidogo na nambari nyingi: kijitu kinarusha, kijitu kinapiga, nambari inapanda.

Nambari peke yake haiuzi, kwa hivyo wauzaji walitafuta jina. Ian Botham akapata geimu yake kupitia kampuni ya Tynesoft. Graham Gooch akapata yake kupitia Audiogenic, halafu 1993 akapata ile nzuri zaidi, Graham Gooch World Class Cricket. Geimu hiyo hiyo ilipofika Australia ikabadilishwa jina ikawa ya Allan Border, maana Mwaustralia hatanunua kitu chenye uso wa Mwingereza. Hapo ndipo utaona biashara ilivyo. Ndani ni kitu kile kile, kwa boksi ni uso wa mtu wa kwenu.

Mwaka wa 1994 jina kubwa kuliko yote likawa Brian Lara wa Trinidad. Aprili alipiga mikimbio 375 dhidi ya Uingereza kule Antigua, rekodi ya dunia kwa mechi za mataifa za siku tano. Miezi miwili baadaye, Juni, akachezea kaunti ya Warwickshire na kupiga 501 bila kutolewa. Mtu mmoja, mikimbio mia tano na moja! Kampuni ya Codemasters ya Uingereza ikamwahi, na 1995 Brian Lara Cricket ikatoka, imejengwa na wale wale wa Audiogenic. Kuanzia hapo, kwa mtoto aliyekuwa na kompyuta au Mega Drive nyumbani, kriketi na Lara vikawa kitu kimoja.

Sasa sikia. Tarehe 29 Februari 1996, ile siku inayokuja mara moja kwa miaka minne, Kenya ilikuwa Pune, India, inacheza na West Indies kwenye Kombe la Dunia. West Indies ndio walioshinda Kombe la Dunia la kwanza na la pili, 1975 na 1979. Sisi ilikuwa mara yetu ya kwanza kama Kenya. Hiyo 1975 tulikuwa tumechanganywa na Uganda, Tanzania na Zambia kwa timu moja iliyoitwa Afrika Mashariki, ikapoteza mechi zote tatu. Huko Pune vijana wetu hawakuwa wa kulipwa, wengi walikuwa na kazi zao nyumbani.

Kenya ikapiga kwanza, ikatolewa yote kwa 166. Na kwa hizo 166, mikimbio 37 ilikuwa ya ziada tu, makosa ya warushaji wa West Indies. Hakuna mchezaji wetu hata mmoja aliyefikisha 37 kwa mikono yake. Kwa hesabu ya kawaida hapo mechi imeisha.

Lara akaingia. Akafikisha 8. Rajab Ali akarusha, mpira ukagusa ukingo wa gongo, ukaenda kwa mlinda wiketi Tariq Iqbal, jamaa mnene kidogo mwenye miwani, akaushika. Lara nje. West Indies wote wakaisha kwa 93. Nahodha Maurice Odumbe alichukua wiketi tatu kwa mikimbio 15 na akawa mchezaji bora wa siku. Kenya ilishinda kwa mikimbio 73.

Hii ndiyo mjomba alimaanisha. Miaka tisa baadaye jina la Lara bado liko kwa boksi, na ndani ya boksi lake mko na sisi. Mimi sijawahi kuona kitu kitamu kama hicho.

Kwa nini tulikuwa ndani? Wengi hudhani waliotengeneza walitupenda. Hapana bana, ni makaratasi. Mwaka wa 1999 EA Sports walitoa Cricket World Cup 99 kwa kompyuta, na walikuwa na kibali rasmi cha mashindano. Ukipata kibali cha mashindano unabeba timu zote za mashindano, na Kenya ilikuwa moja ya zile 12. Codemasters nao kwa ile ya 2005 walipata kibali cha ICC Champions Trophy ya 2004, ambayo Kenya ilicheza, na hata Marekani, hebu fikiria. Ndiyo maana tukiingia kwenye mashindano hayo majina ya wachezaji yalikuwa sawasawa, lakini tukitoka tukacheza mechi ya kawaida, majina ya timu nyingi yalikuwa yamepindwa herufi moja mbili ili mwenye jina asidai pesa. Tulikuwa tunadhani Emali ndiyo imeharibu kompyuta.

Kwa hivyo kila mara Kenya ilipokuwa ndani ya geimu, ni kwa sababu kuna watu walishinda mechi uwanjani, mechi hizo zikatupa tiketi, na tiketi ikawa mstari kwa mkataba wa mtu London. Hakuna hisani hapo. Tulilipia kwa jasho.

Na jasho lenyewe lilikuwa 2003. Rudisha akili. Kibaki ameapishwa Desemba 30, 2002. Januari watoto wanaingia shule ya msingi bila karo. Mashambulizi ya Kikambala yalikuwa Novemba tu, kwa hivyo New Zealand wakasema Nairobi si salama, hawaji, na pointi zikawa zetu. Hadi leo kuna watu watakuambia Kenya ilifika nusu fainali kwa sababu ya hiyo zawadi. Mimi huwa nakasirika hapo. Tarehe 24 Februari, Nairobi Gymkhana, Kenya iliipiga Sri Lanka kwa mikimbio 53. Sri Lanka, mabingwa wa dunia wa 1996! Collins Obuya, kijana mdogo, alichukua wiketi tano kwa mpira wa kuzungusha. Tukashinda Kanada. Tukashinda Bangladesh. Tukashinda Zimbabwe kule Bloemfontein. Hizo nazo walitupatia nani?

Halafu kuna Aasif Karim. Huyu alikuwa nahodha kwenye Kombe la Dunia la 1999, amewahi hata kuichezea Kenya tenisi ya Davis Cup, na alikuwa amestaafu. Wakamrudisha akiwa na miaka 39. Machi 15, Durban, dhidi ya Australia, timu iliyokuwa haishindiki mwaka huo, mzee akarusha ova 8 na mipira miwili. Ova sita kati ya hizo hawakupata hata mkimbio mmoja. Kwa jumla alitoa mikimbio 7 na kuchukua wiketi 3, mmoja wao Ricky Ponting. Australia walishinda mwishowe, lakini walitoka uwanjani wakijua wamekutana na mtu.

Nusu fainali ilikuwa Machi 20, Durban, dhidi ya India. India 270, Kenya 179, nahodha Steve Tikolo akipiga 56. Mjomba alisikiliza kwa redio, na alasiri akaenda kusimama dukani kwa huyo mwajiri wake kuangalia TV. Anasema hapo ndani kulikuwa na kimya cha ajabu, maana mwenye duka hakujua ashangilie nani. Baba yake mzee alishangilia Kenya waziwazi. Watoto walishangilia Tendulkar.

Sasa swali langu, na ndiyo sababu nimeandika hii kitu. Kama mchezo huu ulikuwa nchini tangu miaka ya 1890, kwa nini ulinifikia mimi kwa CPU ya mtumba?

Angalia ramani. Reli ilianza Mombasa 1896 na kufika Nairobi 1899, na katikati inapita kwetu: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud (ndiyo, limepewa jina la Sultani wa Zanzibar). Zaidi ya watu 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga. Makindu kuna hekalu la Masingasinga la tangu 1926 ambapo mpaka leo msafiri yeyote, Mkamba ama nani, anapewa chakula bure na hakuna anayeulizwa dini. Mimi nimekula hapo mara nyingi. Chakula kilitufikia. Duka lilitufikia, kitenge, sukari, chapati tukaifanya yetu hadi Krismasi bila chapati si Krismasi. Kriketi haikushuka kwa gari moshi. Ilipita ikaenda Nairobi, ikaingia ndani ya ukuta wa klabu.

Enzi za ukoloni mechi kubwa za mwaka zilipangwa kwa tabaka na rangi: maafisa wa serikali dhidi ya walowezi, baadaye Waasia dhidi ya Wazungu. Mwafrika hapo hayumo hata kwa jina la mechi. Aliingia baadaye sana, na aliingia kwa sababu aliishi karibu na uwanja. Soma orodha ya wachezaji wa dhahabu wetu uone: Tom Tikolo, David Tikolo, Steve Tikolo. Maurice Odumbe na Edward Odumbe. Martin Suji na Tony Suji. Kennedy Otieno, David Obuya, Collins Obuya, watatu tumbo moja. Ni kama orodha ya michango ya harusi. Timu iliyoitikisa dunia ilitoka kwa familia chache za mitaa michache ya Nairobi. Hizo familia nazipigia saluti. Ila ukijenga timu ya taifa kwa nyumba tano, wale kaka wakizeeka, umeisha.

Na msiniambie ati Wakamba hatuwezi huo mchezo. Nani hapa alisoma shule ya msingi Makueni ama Kitui na hakuona wasichana wakicheza raundas? Ubao umekatwa na fundi, mpira wa tenisi umenyooka upara, msichana anaupiga unavuka ua la katani, anazunguka, wengine wanakimbiza. Dada yangu mkubwa angepiga mpira kutoka uwanja wa shule hadi kwa boma la jirani, na siku moja alivunja chungu cha watu. Hiyo ni kriketi ambayo haijapewa vijiti vitatu. Hakuna mtu aliyekuja kuangalia. Dada alimaliza darasa la nane na ubao ukaachwa kwa stoo.

Turudi Emali. Mashindano ya kweli ya 2004 yalikuwa na makundi manne ya timu tatu, anapita mmoja tu. Kenya iliwekwa na India na Pakistan. Kwa uwanja tulipoteza zote mbili. Kwa kompyuta sisi tulipoteza zote mbili siku kumi mfululizo. Wachezaji wetu walikuwa wazito, ukibonyeza umechelewa. Waliotengeneza geimu walikuwa wametupa alama za chini, na hapo siwalaumu sana. Lakini kuna kitu kimoja geimu za kriketi hukupa ambacho maisha hayakupi: alama ndogo chini pale mpira utakapotua, kabla haujatua. Ukiisoma hiyo, ukatulia, unaweza kuwa Kenya na bado upige India. Binamu aliisoma. Mimi nilikuwa narusha, yeye anapiga, tukigawana kibodi kama watu wanaogawana ugali.

Siku ya kumi na moja tukashinda kundi. Aliyeshinda kundi hilo mwaka wa 2004 alikuwa Pakistan, na nusu fainali yao ilikuwa dhidi ya West Indies. Nahodha: Brian Lara. West Indies waliwatoa, wakaenda kuchukua kombe lenyewe. Sasa ni sisi mahali pa Pakistan. Mjomba aliacha kuenda kazini mapema, akaketi kwa kreti ya soda nyuma yetu. Lara akaingia. Nikarusha. Akapiga nne. Nikarusha. Akapiga nne tena. Mjomba akasema, "Mletee nje kidogo, kama Rajab." Nikaleta nje kidogo.

Stima ikapotea.

Sisemi zaidi. Ilirudi usiku na hatukuwa tumehifadhi mchezo. Likizo ikaisha, nikarudi Kitui kupitia Machakos nikiwa nimenuna njia nzima.

Jambo ambalo mjomba hakutuambia, na nadhani alituficha makusudi, ni kwamba wiki chache tu kabla ya likizo hiyo Kenya ya kweli ilikuwa imetoka Kombe la Dunia la 2011 imepoteza mechi zote sita. Ya kwanza, Chennai, New Zealand walitutoa kwa 69. Siku nzuri ilikuwa moja, Collins Obuya alipopiga 98 bila kutolewa dhidi ya Australia, mikimbio miwili tu abaki hapo. Sisi tulikuwa tunacheza na mzimu. Kati ya 2003 na 2011 kulikuwa na mgomo wa wachezaji, Odumbe kufungiwa miaka mitano 2004 kwa pesa za mtu wa kamari, chama kimoja kuvunjika na kingine kuundwa 2005. Sitaki kuchambua nani alikula nini. Matokeo tunayo: Januari 2014, kwenye mechi za kufuzu kule New Zealand, Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi za siku moja za kimataifa. Hadhi ikienda, tiketi inaenda. Tiketi ikienda, ule mstari kwa mkataba unafutwa.

EA walikuwa wameacha kitambo, Cricket 07 ndiyo ilikuwa yao ya mwisho, ingawa mashabiki wa India na Pakistan wameiwekea viraka vya kikosi kipya mwaka baada ya mwaka mpaka leo, kazi ya bure kabisa. Hao watu wananifurahisha. Geimu ikiachwa na mwenyewe, wanaichukua kama yatima. Kisha 2014 hiyo hiyo, Big Ant Studios ya Melbourne ikatoa Don Bradman Cricket 14. Haikuwa na vibali vya wachezaji, kwa hivyo wakafanya ujanja: wakaweka chuo ndani ya geimu ambapo wewe mwenyewe unaunda mchezaji, unampa uso, mkono, mtindo, alama, halafu unamtuma kwa wengine wampakue. Yaani mwaka ule ule Kenya ilipotolewa mlangoni, dirisha likafunguka.

Hapo ndipo nabishana na wale wanaoniandikia kila nikizungumza geimu, ati "vijana wa Ukambani hawana maji na wewe uko na vijitu vya kompyuta". Maji ni muhimu, sijakataa, nimebeba mtungi kuliko wengi wenu. Lakini nchi hii ina tabia ya kutupa vitu. Watu waliomtoa Lara wakiwa na kazi zao za kawaida hawana hata ukuta wa picha mahali mtoto wa Kitui anaweza kuenda kuwaona. Mahali pekee nilipowaona wakiwa wamepangwa sawasawa, majina kamili, kofia kichwani, ni ndani ya kitu kilichotengenezwa Uingereza kuuza jina la mtu tuliyemshinda.

Kwa hivyo mwaka huu mimi na binamu tumeanza. Yeye siku hizi ana laptop nzuri, yuko Nairobi, na tumeijenga Kenya ya 2003 mtu kwa mtu. Tikolo tulimaliza kwanza, ingawa mjomba tulipomtumia picha alisema pua si hiyo. Thomas Odoyo tumempa nguvu pande zote mbili, maana jamaa alipiga na akarusha, wiketi zake za mechi za siku moja zinapita 100. Kwa Karim tuligombana. Binamu anasema mzee wa miaka 39 hawezi kupewa alama za juu, geimu itakuwa ya uongo. Nikamtumia nambari za Durban: ova 8 na mipira miwili, mikimbio 7, wiketi 3. Akanyamaza siku mbili, halafu akampandisha.

Rajab Ali hakucheza 2003. Tumemweka hata hivyo. Na Tariq Iqbal yuko nyuma ya vijiti, na miwani tumemvalisha.

Jumamosi tunacheza nusu fainali na West Indies, nyumbani kwa mjomba, Emali. Yeye amesema atatoka kazini mapema. Laptop iko na betri.